Ng'ombe wa Tano wa Werema

Jumatano, 1 Februari 1995

Leo nimejua kwamba mwaka mzima tumekuwa tunamla ng'ombe wa Werema, mkate kwa mkate, na mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kupaka siagi.

Nimetoka shule saa nane nikapita dukani kwa Kasmiri hapa Nyasho kuchukua sabuni. Nikatoa shilingi zangu mia mbili. Kasmiri akazisogeza pembeni, akavuta daftari lake kubwa la gamba jeusi. "Sabuni chukua, Mwalimu. Ila mwambie Magesa nimechoka kumngoja." Nikamuuliza anamngojea nini mume wangu. Akanigeuzia daftari. Kurasa nne! Sukari, mchele, mafuta, siagi ya kopo, betri za redio, mkate, mkate, mkate. Chini kabisa: 94,600/=.

Mshahara wangu ni elfu thelathini na mbili.

Karakana ya malori ilipouzwa na watu wakapunguzwa kazi, Magesa aliniambiaga kiinua mgongo chake kinatoka kidogo kidogo. Nami nikaamini, maana kila jioni alikuwa anaingia na mfuko. Leo sikuvua hata viatu. "Baba Ursula, kiinua mgongo kimetoka shilingi ngapi?" Mume wangu akibanwa huwa anatazama mikono yake. Akaitazama. "Hakijatoka hata senti." "Sasa Kasmiri alikuwa anakukopesha kwa kuamini nini?" "Yule mtamba wa Mugeta," akasema.

Nikakaa chini.

Acha niandike vizuri, nisije kujidanganya baadaye. Robi, dada wa Magesa na Werema, alipoolewa Bunda, ng'ombe wa mahari yake waliwekwa kwa ajili ya mdogo wao, Werema. Kwetu ndivyo ilivyo, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Wanne wameshafika kijijini Buswahili, kwa baba yake Marieta, mke wa Werema. Amebaki mmoja tu, mtamba aliyefugishwa kwa rafiki yao Mwikwabe kule Mugeta. Marieta amejifungua mtoto wa kiume mwezi wa kumi na moja, na baba yake ametamka wazi: wa tano asipofika, mama na mtoto hawatoki, na mtoto atapewa jina la ukoo wa pale. Na huyo wa tano ndiye Magesa kamwekea sahihi. Mwisho wa deni ni tarehe thelathini Juni. Ikibaki hata shilingi moja, Kasmiri anakwenda Mugeta kumswaga ng'ombe.

Werema tunaishi naye humu ndani, na hajui. Mama mkwe hajui. Kwa hiyo mume wangu kamweka rehani mke wa mdogo wake, na mtoto juu.

Nimemwambia Magesa maneno ambayo sitayaandika. Halafu nikaenda jikoni nikaililia ile mikate.


Jumamosi, 4 Februari

Nimechukua daftari la hesabu la Ursula lililobaki kurasa nyingi, nikalifanya langu. Nyuma nimeandika ratiba ya chakula, nikaichana na kuibandika kwa uji mlangoni mwa jikoni. Asubuhi uji wa mtama na ukwaju, sukari marufuku. Mchana na jioni ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, uliochanganywa na mtama. Mboga: Jumatatu dagaa, Jumanne kunde, Jumatano mlenda, Alhamisi maharage, Ijumaa dagaa, Jumamosi vichwa vya sangara. Jumapili chai ya sukari, kijiko kimoja kila mtu, na wali ukipatikana. Kwa Kasmiri hatuandikishi tena hata kiberiti.

Nikipunguza hivyo ninaweza kutoa elfu kumi na nne kila mwezi, labda kumi na tano. Mpaka Juni zitapungua kama elfu ishirini. Hapo hakuna mtu kuugua wala kufa.

Magesa alisimama mlangoni akaisoma ratiba yote mpaka chini. "Mama Ursula, na mimi unanipa adhabu gani?" Nikamwambia adhabu yake ndiyo hiyo, Jumatatu anaanza na dagaa.


Jumatatu, 6 Februari

Uji bila sukari. Ursula, mwanangu wa miaka kumi na moja, ameuliza kama tumefilisika. Nimemwambia tunajifunza.


Ijumaa, 10 Februari

Nilipokuwa nasoma chuo, mwaka themanini na mbili, nilikuwaga napanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni. Hela ninayo mkononi, sabuni hakuna. Sasa hivi nenda kwa Kasmiri uone: sabuni ya kijani, ya pinki, ya kunukia limau, mafuta ya nywele, biskuti za kutoka Kenya. Vitu vimejaa mpaka vinaning'inia darini, na hela ndiyo imekimbia. Kasmiri naye yupo katikati na kalamu yake. "Chukua tu, nitaandika." Huyo mtu ni kupe. Anakaa kiti cha mbele kanisani, shati limenyooshwa, na ametufyonza kimya kimya.


Jumapili, 19 Februari

Mama yangu ametuma kutoka Nyegina gunia dogo la michembe, vile vipande vikavu vya viazi. Mungu ambariki. Hiyo ni asubuhi kumi bila unga.


Jumatano, 1 Machi

Jana nimepeleka 14,000. Zimebaki 80,600.

Leo Jumatano ya Majivu. Padre kasema tujinyime siku arobaini. Magesa, majivu bado mabichi kwenye paji, akaninong'oneza, "Sisi tumetangulia." Nikacheka kanisani kama mtoto. Ni mara ya kwanza kucheka naye tangu ile siku, na nilikuwa sijapanga.


Jumanne, 7 Machi

Mvua zimeanza. Nimepata somo la dagaa kwa mama mmoja wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki: nunua wakati wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, bei inapanda mara mbili. Na ukichelewa masika ikakolea, hawakauki mchangani, wananuka. Nimenunua debe zima leo kabla mwezi haujakua. Nimewaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, juu nimeweka jiwe, kwa ajili ya paka na kwa ajili ya Werema.


Jumamosi, 11 Machi

Ugomvi na mama mkwe.

Mama Dorotea ni mtu wa maneno machache, na akisema huwa amekuwa akifikiria wiki nzima. Mchana mimi nikiwa shule yeye ndiye anapika, kwa hiyo asubuhi huwa ninampimia unga: bakuli la bati moja kwa kila mtu. Tuko watano, bakuli tano. Leo nikiwa nipo nyumbani akanishika mkono bakuli la tatu likiwa hewani.

"Unafanya nini?"

"Ninapima unga, Mama."

"Hapana. Unahesabu watu." Akavuta lile debe kwake. "Moja Magesa, mbili Werema, tatu mimi. Kwetu watu hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi. Unamwonyesha nani kwamba tuko watano, ili apunguze?"

Nikamweleza kwamba ni bajeti. Akasema hajawahi kuona mgonjwa aliyeponywa na bajeti. Nikasema, kwa sauti niliyoijutia hapo hapo, kwamba nikipika kwa kukisia unga hautafika tarehe ishirini, na mwenye mshahara humu ndani ni mmoja. Werema akainua uso kutoka kwenye kikombe cha uji. Magesa akatazama mikono yake.

Mama Dorotea akaenda zake chumbani. Amekula jioni, lakini ameniagiza chumvi kupitia Ursula wakati nimekaa hapo karibu yake.

Hajui kwa nini ninapima. Angejua angepima yeye. Lakini nimwambieje mama kwamba mwanawe mkubwa amemuuza mke wa mdogo?


Ijumaa, 31 Machi

Nimelipa 15,000. Zimebaki 65,600. Kasmiri ameandika polepole, akanipa risiti bila kuombwa. "Wewe ni mtu wa ajabu, Mwalimu," akasema. Nimebeba mwavuli wangu nikatoka.


Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Wali na kuku tuliyechangia na jirani nusu kwa nusu. Vijiko vya sukari viwili viwili. Werema alikwenda Buswahili kumwona Marieta. Amerudi anasema mtoto ameota jino. Alikuwa anaonyesha kwa kidole hilo jino lilipo, anacheka, na Magesa akaacha paja la kuku kwenye sahani, akatoka nje kwenye mvua akajifanya anatazama mfereji.


Alhamisi, 20 Aprili

Ursula ana malaria. Sindano, dawa, 5,800.


Jumamosi, 22 Aprili

Leo nimemtukana mzee, na nimekosea.

Wiki ya tatu sasa nimekuwa nikiona ugali wa mchana ni mdogo. Napima bakuli tano, sahani inakuja na ugali wa watu wanne. Nikajua. Nikasema moyoni, Mama anamtumia Robi unga Bunda, na mtoto wangu anaumwa anahitaji kula. Leo nikafagia chumbani kwake, na chini ya kitanda nikakuta chungu kimefunikwa kwa kanga. Unga wa udaga, karibu debe.

Nikakibeba mpaka uani. Mama alikuwa anachambua kunde. Nikasema, "Mama, kumbe humu ndani tuna mwizi." Nimeandika neno hilo kama lilivyotoka, ili nisilisahau. Yeye akatazama chungu, akanitazama mimi, akaendelea na kunde zake. Nikasema mengine. Kwamba ninajinyima, kwamba viatu vyangu vya kufundishia vina tundu, kwamba kila mtu ananiona mimi mbaya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

Ni Ursula aliyesema, yupo kitandani, kupitia dirisha, kwa sauti yake ya homa. "Mama, bibi huwa hali mchana. Anasema ameshiba. Lile bakuli lake anamwaga mle kwenye chungu."

Nilikuwa nimekishika bado. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kwa nini, Mama?" nikauliza.

Akasema, "Rudisha ulipokitoa."


Jumapili, 23 Aprili

Nimempigia magoti kabla ya kwenda kanisani. Amesema, "Inuka, utachafua gauni." Basi. Lakini chumvi ameniomba mwenyewe.


Ijumaa, 28 Aprili

Mshahara haujatoka. Mvua kutwa. Dagaa wa ndooni wanakaribia mwisho, unga wangu umebaki wa siku nne.


Jumapili, 30 Aprili

Ofisi ilisema juzi, labda wiki ijayo. Walimu wenzangu wamekwenda kwa Kasmiri kuandikisha. Nimepita mbele ya duka lake upande wa pili wa barabara, kama mtu anayemkwepa mbwa.


Jumanne, 2 Mei

Leo unga ulikuwa bakuli tano kamili kwa jioni, na saa kumi tukasikia hodi. Mwikwabe! Ametoka Mugeta kwa miguu mpaka barabarani, akapanda lori la pamba, amelowa mpaka mifupa. Mtu anayekufugia ng'ombe wako, anakuja kwako, na huna cha kumpa. Nilibaki na bakuli mkononi. Kumpa la Ursula? La nani? Na mtu kama huyo hapewi bakuli moja.

Mama Dorotea akanyanyuka bila haraka. Akaingia chumbani kwake, akatoka na chungu. Akanikabidhi mbele ya mgeni kwa mikono miwili, kama vile nilikuwa nimemwachia anitunzie. Nilipoinama kukipokea akaniambia chini chini, "Ulituhesabu watano. Mgeni ulimweka wapi?"

Nimesonga ugali mkubwa ajabu. Mwikwabe amekula, akasifu, akaongezwa. Halafu akatoa habari iliyomleta: mtamba amezaa! Ndama jike, mwekundu, kama mama yake. Werema akaruka akampiga Magesa mgongoni. "Kaka! Baba yake Marieta atacheka mpaka jino la mwisho!" Magesa akacheka na yeye, cheko la mtu anayebanwa na mlango.

Niliwaza kitu kimoja tu. Kwamba Kasmiri akisikia, hatataka tena hela.


Ijumaa, 5 Mei

Amesikia. Amenisimamisha nje ya kanisa baada ya ibada ya jioni. "Mwalimu, usijitese. Ona ulivyokonda. Nipe ng'ombe na ndama wake, ukurasa nafunga, na sukari kilo tano juu." Nikamwambia leo tarehe tano Mei, na tarehe thelathini Juni bado iko mbali. Akasema, "Haya." Lakini aliniangalia kama mtu anayepiga hesabu.


Jumatatu, 8 Mei

Limefika. Nilijua litafika, lakini sikujua litapitia mlango gani.

Werema ni kibarua wa kupakia sangara kwenye magari ya kiwanda cha minofu. Leo amepita dukani kununua sigara, na Kasmiri kampongeza kwa ndama. "Mwezi wa sita tutamchukua vizuri tu, hatutamchosha." Werema akauliza kumchukua nani. Ndiyo hivyo.

Amekuja nyumbani na buti za mpira zimejaa magamba ya samaki. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisimama mbele ya Magesa aliyekuwa anashona kandambili ya Ursula.

"Kaka, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulikula nini cha ng'ombe mzima?"

Magesa akasema, "Mkate." Akaiweka kandambili chini. "Nilikuwa naona aibu kuingia mikono mitupu. Kila siku nilisema kesho kiinua mgongo kitatoka. Kesho, kesho. Nisamehe, Werema."

Werema akasema, "Mtoto wangu ana miezi sita. Wanamwita jina la babu yake wa kule. Juzi nimemwita jina nililompa mimi, la marehemu baba, hakugeuka." Akaingia ndani akakunja nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Nikamzuia mlangoni. "Shemeji," akasema, "wewe sina neno na wewe." Amekwenda kulala kwa wenzake Mwisenge.

Nilimgeukia Mama, nikidhani sasa ndiyo ataanguka. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Mpelekeeni blanketi, kule kuna baridi."


Jumanne, 9 Mei

Asubuhi nimefungua mlango nikakuta gunia. Mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa, yenye vichwa na nyama yake bado. Pengine kilo ishirini. Hakuna mtu.


Jumatano, 10 Mei

Gunia jingine. Ursula amemwona baba yake mdogo akiliweka na kuondoka mbio.


Alhamisi, 11 Mei

Hatuwezi kula mapanki yote haya, hata kama ratiba nzima ikiwa vichwa. Nilisema tu hivyo, nikiwa naondoka kwenda shule. Niliporudi nimekuta moto uani, sufuria kubwa ya mafuta, na mume wangu amefunga kanga yangu kiunoni anakaanga samaki. Fundi mkuu wa karakana! Wanawake wa mtaa wamejaa, wengine wamekuja kununua, wengine kutazama tu. Mmoja akamwita "mama ntilie." Magesa akamjibu, "Mama ntilie leo anauza kipande shilingi hamsini, kucheka ni bure."

Nimeweka mkoba chini nikaenda kukata vichwa. Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka mafuta yakaisha, na nilimpenda kuliko siku tuliyofunga ndoa. Naandika wazi, hili ni daftari langu.


Ijumaa, 12 Mei

Mshahara wa Aprili umetoka. Nimelipa 15,000. Zimebaki 50,600.


Jumatano, 17 Mei

Gunia la tisa. Leo Magesa aliamka mapema akakaa nje juu ya kinu akisubiri. Werema alipokuja na mzigo wake begani wakatazamana. Magesa akampokea gunia. Werema akasema, "Unakaanga kwa mafuta mengi mno, ndiyo maana faida haionekani." Magesa akasema, "Nionyeshe." Werema amekaa, ameonyesha, amechelewa kazini. Jioni amerudi na mfuko wake wa plastiki.


Jumatano, 31 Mei

Mshahara umetoka kwa wakati, miujiza. Elfu kumi na sita, na elfu tisa ya mapanki. Nimepeleka 25,000. Zimebaki 25,600. Kasmiri alihesabu mara mbili. Nimeona dukani rafu ya juu haina kitu.


Jumanne, 13 Juni

Mvua imekatika. Mtama wa watu wa Buswahili unavunwa. Mapanki yanakauka vizuri, tunauza hata makavu.


Jumanne, 27 Juni

9,600 za samaki zipo kwenye kopo. Mshahara bado.


Alhamisi, 29 Juni

Nimesimama dirisha la mshahara tangu saa mbili. Saa nane na nusu nimepewa. Nimekimbia, mwalimu mzima, viatu mkononi, mpaka kwa Kasmiri.

Pamefungwa. Kufuli.

Jirani yake anasema hajafungua tangu jana. Nikakaa kwenye ngazi. Ametukimbia, nikasema. Amejificha ili kesho ipite, kisha aende Mugeta na karatasi yake yenye sahihi. Kupe ni kupe. Nimelia kwa hasira mpaka kamasi.

Werema anataka kulala Mugeta na rungu. Magesa kasema hapana, kesho tutamtafuta nyumbani kwake, wote watatu, na tutampa hela mbele ya watu.


Ijumaa, 30 Juni

Tumefika kwa Kasmiri saa moja asubuhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kama mashtaka.

Mlango ulikuwa wazi. Yeye amekaa sebuleni juu ya kreti ya soda, shati halijanyooshwa. Viti hakuna. Kabati hakuna. Mwenye duka la jumla anayemkopesha alikuja juzi alfajiri na gari, akabeba bidhaa za dukani zote, na zilipopungua akabeba vya nyumbani. Mke wake ameondoka na watoto kwenda kwao.

"Karibuni," akasema. "Samahani, sina pa kuwakalisha." Akamwangalia Werema. "Nilikuwa namtegemea huyo ng'ombe, kijana wangu. Ningempa yule bwana, aniache. Nikawaza niende Mugeta jana, niseme ninyi ndio mmechelewa. Nikafika stendi. Nikarudi."

Nikafungua leso yangu nikamhesabia mkononi, elfu ishirini na tano na mia sita, nyingine zinanuka samaki. Akachukua lile daftari la gamba jeusi, lilikuwa limebaki hilo tu. Akatafuta ukurasa wetu, akapiga mstari, akaandika amemaliza, akatia sahihi. Kisha akafunua kurasa zingine, nyingi, watu wa karakana, walimu wenzangu, hata mwenyekiti wetu wa mtaa. "Katika wote hawa," akasema, "ni ninyi tu mmefika mwisho." Akalia. Mtu mzima, mbele yetu.

Magesa ndiye aliyemshika bega. Akamwambia tunakaanga samaki kila siku kuanzia saa tisa, aje, sahani yake itakuwepo. Na mimi niliyemwita kupe mara mbili humu daftarini nimesema ndiyo, aje.


Jumamosi, 8 Julai

Alfajiri Magesa na Werema walikuwa Mugeta kumchukua ng'ombe, kumpeleka Buswahili, Mwikwabe akiwasindikiza. Ndama amemfuata mama yake. Baba yake Marieta hatapinga kupata sita badala ya watano.

Mimi na Mama tumebaki tukipika. Nikaona ndiyo saa ya kusema. Nikamwambia, "Mama, kuna jambo la huyo ng'ombe hatukukwambia."

Akaendelea kupepeta. "La Kasmiri? Mwikwabe aliniambia mwaka jana, siku ile ile Magesa alipomwambia ng'ombe ana sahihi ya mtu."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Ningesema, Magesa angeniangalia vipi? Mwanaume ambaye mama yake amemwona hana kitu, huyo hainuki. Nilimsubiri ainuke." Akapuliza makapi. "Ng'ombe huyu mmoja tumemnunua mara mbili. Kwanza kwa binti yangu Robi. Halafu kwa matumbo yenu." Akafikiri. "Na langu."

Nimemkumbatia, ungo na kila kitu. Mtama ulimwagika. Alisema niuokote.

Wamefika jua likiwa bado juu. Magesa mbele, amebeba sanduku la Marieta kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Nyuma Werema na Marieta, na mtoto mgongoni mwa Werema, amefungwa kwa kanga. Majirani wakapiga vigelegele. Mama Dorotea hakupiga. Alinyoosha mikono, Werema akamfungua mtoto akampa.

Akamtazama muda mrefu, akamgeuza, akatazama masikio yake na vidole vya miguu. Mtoto akaanza kukunja uso, anamtafuta mama yake pembeni. Basi Mama akamwita kwa jina la mume wake aliyekufa, jina ambalo tangu nimeolewa humu sijawahi kumsikia akilitamka.

"Masatu," akasema. "Masatu."

Mtoto akageuka akamtazama.